Bakuli la Rayna

Tsonka aliliona shina lile mchana wa sikukuu ya Mtakatifu Georgi, akiosha fungu la mwisho la levurda, kitunguu saumu cha msituni, alilolibakiza kwa ajili ya supu. Levurda huota jani moja moja, kila jani na kikonyo chake chembamba, na ikistawi msitu mzima hunuka kitunguu saumu. Shina hili lilikuwa nene, limebeba majani matatu yaliyokumbatiana bila vikonyo, na katikati yake kulijificha kitu cha kijani kama kidole gumba cha mtoto. Alilinusa. Lilinuka kitunguu saumu. Lakini sinki nalo lilinuka kitunguu saumu, na mikono yake, na aproni yake, na hata pazia la dirisha.

Alikijua kile kidole. Lilikuwa tumba la mbegu za mrazovets, na mrazovets ni sumu.

Mmea huo una hila. Majira ya vuli huchanua maua ya zambarau yaliyo uchi, hayana jani hata moja, mtu akayasifu na kupita zake. Majani yenyewe hutoka wakati wa machipuko, maua yakiwa yameshasahaulika, ndiyo maana huko kijijini Gorno Bukovo wengi wanalijua ua na hawayajui majani. Tsonka aliyajua. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwonyesha kwa kidole na kumwambia kwamba kondoo akiyala, mwenyewe ajiandae kuchimba shimo.

Alishika ukingo wa sinki. Dirishani alimwona mjukuu wake Gergina, mtoto wa miaka sita, akipanda na kushuka kwenye bembea ya sikukuu iliyofungwa kwenye mti wa cheri, shada la maua limemteremkia sikioni. Leo ilikuwa siku ya jina lake, maana Gergina ni Georgi wa kike. Alikuwa anaimba. Na tumboni mwake kulikuwa na mkate wa asubuhi, uliopakwa levurda kwa mkono wa bibi yake mwenyewe.

Kisa chote kilianzia kwenye bakuli. Jana yake Rayna, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane kama yeye na mdomo usio na breki, alichinja mwanakondoo wa sikukuu akaleta maini kwenye bakuli lake jeupe lenye mstari wa buluu. Akasema ni ya mtoto, yamwongezee damu, na Tsonka asianze kushukuru kwa sababu machozi yanaharibu nyama. Sasa pale kijijini bakuli la jirani halirudi tupu. Utatia mayai, utatia tufaha, ukikwama kabisa utatia kiganja cha chumvi, lakini ukilirudisha tupu umemwambia mwenzako kwamba ujirani umekwisha.

Tsonka aliteremka stoo, akapandisha macho kwenye rafu. Msimu huo stoo za maskini huwa zimefika mwisho. Chupa za nyanya zilikuwa zimeliwa, maharage mabichi yameliwa, pilipili hoho za kuchoma imebaki chupa moja, nayo ilikuwa ya kulia dengu za Gergina. Mayai yalikuwa ya Gergina. Jibini ilikuwa ya Gergina. Kila chenye nguvu katika nyumba ile kilikuwa cha Gergina, tangu siku nesi wa zahanati alipomgeuza mtoto kope za chini na kusema damu yake ni pungufu. Mama yake yuko Hispania akimhudumia mzee wa watu, anatuma anachoweza, na anachoweza ni kidogo. Wakati wa baridi alikuja mama mmoja wa ustawi wa watoto, viatu safi, akafungua friji, akaifunga. Stoo hakuifungua, wala hakuuliza. Alisema tu kwamba akirudi angependa kuona chakula ndani ya nyumba hii, la sivyo itabidi waangalie mtoto atakaa wapi. Tangu siku hiyo Tsonka alilala usingizi wa mang'amung'amu.

Kwa hiyo alichukua gunia akapanda msituni kutafuta cha kutia bakulini. Akakuta watu wa mjini, wale wanaochuma kwa ajili ya soko, wameufyeka mteremko wake wote. Akavuka kijito, akafika pale msitu unapokutana na malisho, mahali ambapo hakuwahi kuchuma. Mama mkwe alimfundisha achume jani moja moja na aangalie kikonyo, kwa sababu pua inafaa kwa jani la kwanza tu. Baada ya hapo vidole vyenyewe vinanuka, na kila utakachokishika kitakuambia ni levurda. Alilifahamu somo hilo kama jina lake. Lakini jua lilikuwa linatua, bakuli lilikuwa linamsubiri, naye alichuma kwa kukumba.

Asubuhi alitwanga kwenye kinu cha mbao: levurda, kokwa za jozi, chumvi, mafuta ya alizeti. Akajaza bakuli la Rayna mpaka juu, akalipeleka akiwa ameinua kichwa. Akampaka Gergina mkate mnene juu ya jibini. Mtoto alikula, akabakiza, akasema ameshiba. Kinu kikafutwa kwa mkate mpaka kikang'aa, maana mafuta hayatupwi, na mabaki ya mtoto yakaenda yanakokwenda siku zote. Gergina aliuliza, kama alivyouliza kila siku, "Na wewe bibi?" Naye akajibu, kama alivyojibu kila siku, "Nimeshakula."

Sasa alisimama na lile shina mkononi, na tumbo likamsokota. Aliujua msokoto huo, ndio woga. Labda, alijiambia, ni shina hili moja tu, nalo limepatikana zima halikutwangwa. Labda asubiri aone. Akimkimbiza mtoto hospitali wataanza na swali moja, unamlisha nini, naye atajibu majani ya msituni, na yule mama wa viatu safi ataletewa habari kabla hawajafika nyumbani. Akisubiri, na shina la pili lilikuwemo kinuni, basi anasubiri nini? Alichungulia tena dirishani. Gergina alikuwa ameacha kuimba. Ilikuwa ni kwa sababu ameona kipepeo, lakini moyo wa Tsonka haukungoja kujua sababu.

Alilifunga shina ndani ya kitambaa kibichi akatoka mbio na aproni yake.

Rayna alikuwa jikoni, mashavu mekundu, mwanakondoo yumo ndani ya oveni akiwasubiri wanawe waliokuwa njiani kutoka Sofia. Bakuli jeupe lenye mstari wa buluu lilikuwa mezani, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi. Tsonka aliliona akauliza hata bila salamu.

"Rayna, ile levurda umeila?"

Rayna alimtazama, akauliza kama leo amegeuka mkaguzi wa majiko.

"Nakuuliza umeila au hujaila."

"Shoga, usinikasirikie siku ya sikukuu," Rayna alisema, na kwa mara ya kwanza miaka mingi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Levurda inanichoma kifua tangu ujana wangu. Huwa nawapa kuku."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Ulitaka nikurudishie bakuli limejaa?"

Siku nyingine wangenuniana mpaka vuli. Tsonka aliuliza tu kuku wako wapi, na jinsi alivyouliza ikamfanya Rayna aweke chini kitambaa cha sahani. Walizunguka nyuma ya nyumba. Jogoo alikuwa juu ya uzio, salama, mwenye majivuno yake. Lakini kuku mweupe, yule mroho ambaye Rayna alimwita Mama Waziri kwa sababu hula kabla ya wenzake wote, alikuwa amejilaza ubavu chini ya mkokoteni, mbawa zimekunjuka, manyoya ya mkiani yamechafuka. Rayna alimsukuma kwa ncha ya kiatu. Kichwa kiliinuka kidogo, kikarudi chini.

Tsonka alifungua kitambaa, akamwonyesha shina. Hakuwa na haja ya kueleza, Rayna naye alizaliwa kijiji hikihiki.

"Mtoto amekula?"

"Asubuhi."

"Mlete garini," Rayna alisema, akarudi ndani kuzima oveni.

Gari lilikuwa la marehemu mume wa Rayna, kuukuu, la rangi isiyo na jina, na Rayna aliliendesha kama anavyoongea. Barabara ya kuteremka mjini ina kona nyingi. Gergina alikaa nyuma na shada lake kichwani, akifurahi kupanda gari, akauliza kama wanakwenda kuona farasi wa sikukuu. Tsonka alimshika mkono, akaupima kila mara: una joto, umepoa, unatetemeka? Alimtazama mtoto midomo, akamtazama macho, akamuuliza tumbo linauma mpaka mtoto akachoka kusema haliumi. Mwisho Gergina alisema linauma kidogo, na Tsonka akahisi gari zima limemtumbukia kifuani. Ikabainika lilikuwa linauma kwa sababu ya mkanda.

Alimwogopea mtoto, na akaogopa kwamba ameogopa kwa kuchelewa. Aliiona sura ya binti yake, mama wa Gergina, akishuka kwenye basi la Hispania kuja kuzika. Aliwaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza mtoto akiwa amemshika mkono, na hakuweza kuyazuia.

Kwenye kona ya kinu cha zamani ilibidi Rayna asimamishe gari. Tsonka alifungua mlango akatapika kwenye nyasi, akashika tumbo, akatapika tena. Koo lilikuwa linawaka.

"Na mimi najisifu udereva," Rayna alisema, akimpa kitambaa.

Tsonka alimwambia aendeshe, ni woga tu.

Hospitali ya mjini siku ya sikukuu ilikuwa kimya, harufu ya dawa na ya kitu kilichokaangwa na wauguzi. Aliyekuwa zamu ni daktari kijana wa kike, nywele zimefungwa kwa mpira wa kufungia mifuko, macho ya mtu ambaye hakulala. Tsonka aliweka kitambaa kibichi mezani akakifunua kabla hata hajaamkia. Daktari aliinamia lile shina, akalichana tumba kwa kucha. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida sana, na hiyo ya kawaida ndiyo iliyomtisha Tsonka zaidi, muuguzi alete mkaa wa kunywa, ule unaofyonza sumu tumboni, na vifaa vya kutolea damu.

Gergina alinywa ule uji mweusi nusu kwa kubembelezwa na nusu kwa kulia. Alipochomwa sindano hakulia tena, alikuwa ameshamaliza. Daktari akageuka na swali lile ambalo Tsonka alilikimbia tangu mchana, tena akaliuliza bila ukali wowote: mtoto huwa anakula nini?

Hapo Tsonka akafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Alisema hana cha kuficha. Alisema dengu mara tatu kwa wiki, na kila akipika dengu anatia pilipili hoho za chupa kwa sababu nesi alimwambia zinasaidia damu. Maharage anayaloweka tangu usiku. Mifupa anaiomba kwa mchinjaji, anaichemsha mpaka inasagika. Majani yale yawashayo ya kando ya uzio anayachuma na glavu akiwa na umri huu, anayakausha, mtoto anayala kwenye mchuzi mpaka mwezi wa pili. Mayai anabadilishana na Rayna kwa kumfulia mapazia. "Friji yangu ni tupu, ni kweli, aliyesema hakusema uongo," alisema. "Lakini huyu mtoto hajalala na njaa hata siku moja. Msimchukue. Nilichuma kwa kukumba, kosa ni langu, msimchukue."

"Mama, mimi sichukui watoto," daktari alisema. "Nataka kujua sumu imeingia kwa nani na kiasi gani. Alikula mkate kiasi gani?"

"Kipande kimoja. Nusu. Alibakiza."

"Nani mwingine amekula?"

"Hakuna. Jirani aliwapa kuku."

"Na wewe?"

"Mimi sijala," Tsonka alisema.

Wala hakuwa anadanganya, huyu mama. Kwake kula ni kukaa kitini na sahani mbele yako, na kukaa kitini na sahani ilikuwa kazi ya Gergina. Kila siku alisema amekula ilhali hajala, na leo alisema hajala ilhali amekula, na mara zote mbili alisema kwa moyo mweupe.

Gergina alikuwa amekaa kitandani, midomo myeusi kwa mkaa, shada mapajani.

"Bibi huwa hali," alimweleza daktari, kama mtu anayemsaidia mgeni kuelewa mambo ya nyumbani. "Anafuta kinu tu na mkate. Kote, mpaka chini. Halafu anamaliza wangu."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimtazama Tsonka, sasa kwa mara ya kwanza yeye na si mtoto: mikono iliyoshika tumbo, midomo iliyopauka, aproni yenye doa la matapishi.

"Tumbo limeanza lini?"

"Ni woga," Tsonka alisema, na sauti ikamwisha katikati ya neno.

Maana aliuona sasa ule msokoto tangu ulipoanza, pale kwenye sinki, na kule barabarani, na koo lililowaka. Alikuwa ameuita woga mchana kutwa. Woga ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuwa peke yake. Kinu kilikuwa na rojo la levurda lililosalia baada ya bakuli la jirani na mkate wa mtoto, na lote lilipita kinywani mwake, ameegemea jiko, kwa matonge matatu ya haraka.

Walimlaza kitanda cha pili. Walimnywesha ule mkaa, wakamfunga dripu, wakamtoa damu. Rayna alisimama mlangoni na mkoba wake. Wanawe walipiga simu kwamba wamefika na mlango umefungwa. Aliwaambia ufunguo uko chini ya chungu cha maua na wasiguse kuku.

Jua lilikuwa bado halijazama daktari aliporudi na majibu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Tsonka, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari nyepesi. Alisema mtoto atabaki hapa wamwangalie, lakini hadi sasa hakuna kinachoonyesha kwamba sumu imemfikia kwa kiasi cha kutisha. Alikula kidogo, na labda kipande chake hakikuwa na shina lile kabisa. Kisha akasema jambo la ajabu. Damu ya Gergina ilikuwa nzuri. Haikuwa pungufu tena, ilikuwa ya mtoto anayelishwa vizuri, bora kuliko ya watoto wengi aliowapima wodini humo tangu mwaka uanze.

Tsonka alifumba macho. Alilia kidogo, kimyakimya, machozi yakamwingia masikioni.

"Iliyonishtua ni yako," daktari aliendelea. "Achilia mbali sumu. Sumu, kesho na keshokutwa ndizo zitakazotuambia, na mimi sitakuficha kitu. Lakini mwili wako unaingia kwenye vita hii mtupu, mama. Hii ni damu ya mtu ambaye hajala kwa miaka."

Tsonka aliogopa wakati huo kuliko alivyoogopa mchana kutwa. Hakuwa ameogopa kufa, hakuwahi kupata nafasi ya kuliwaza hilo. Alichokiona ni stoo yenye chupa moja ya pilipili hoho, na friji, na mama wa viatu safi akiifungua, na safari hii hakuna mtu wa kusimama mbele yake. Kwa miaka hii yote alimjenga mtoto kwa matofali aliyoyang'oa kwenye nyumba yake mwenyewe, na sasa upepo umevuma.

Alimwita Rayna kwa mkono. Rayna aliinama, akanusa levurda kwenye nywele zake.

"Maini," Tsonka alinong'ona. "Nilibakiza nusu. Yako kwenye sufuria ndogo, nimeyafunika kwa sahani. Wakimruhusu mtoto umpashie moto. Usimkaangie, yatakauka. Kitunguu kidogo, maji kidogo."

"Nimesikia," Rayna alisema. Alikuwa anamfuta uso kwa ukingo wa kilemba chake, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Yatagawanywa. Robo ya mtoto, na robo nakuletea hapa ukiweza kumeza. Na utakula nikiwa nimekukalia mbele, nakuapia."

"Mimi nimeshakula," Tsonka alisema.

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Rayna alimtazama, na daktari akamtazama, na Gergina kwenye kitanda chake na midomo yake myeusi akamtazama.